Maji ya Fedha na Chungu cha Udongo

Uliye Tarime mjini, Sirari, Nyamwaga na Nyamongo, na wewe uliye Mugumu, Natta hadi Robanda kule karibu na Hifadhi ya Serengeti, karibu tuzungumze. Leo naanza na chupa.

Chupa yenyewe ni ndogo, ya rangi ya kahawia, kama zile za dawa ya kikohozi. Niliikuta mkononi mwa mama mmoja siku ya mnada. Alikuwa amesimama kivulini nyuma ya kibanda cha mitumba, na mtoto wa kiume wa miaka kama tisa amemshika kanga. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa chini kidogo ya goti. Tulikuwa hatujamaliza hata kusalimiana vizuri, akaninyooshea ile chupa.

"Baba, wewe mtu wa kusoma. Hii inafaa?"

"Inafaa kwa nini, mama?"

"Mtoto kang'atwa na mbwa jana jioni. Mbwa mwenyewe hatumjui, si wa kijijini kwetu. Yule kijana pale anasema haya ni maji ya fedha, yanaua virusi vyote, hata vya kichaa cha mbwa. Elfu kumi na tano."

Nilichuchumaa, nikafungua kitambaa. Matundu manne ya meno, mawili yamepasuka kidogo pembeni, na juu yake kumebandikwa majani yaliyotwangwa. Nikamuuliza kama wameosha. Akasema walipanguza damu tu.

Nitarudi kwenye mguu huo. Kwanza ngoja niseme kuhusu yule kijana, maana tangu siku ile swali la mama limenikaa kichwani. Ingekuwa rahisi kumwita tapeli na kumaliza maneno. Lakini alichokuwa anauza kimeshikilia kipande cha ukweli, na uongo uliofungwa pamoja na kipande cha ukweli ndio unaochukua fedha ya maskini.

Neno letu hili, fedha, tunalitumia kwa vitu viwili. Ni noti iliyo mfukoni, na ni yale madini meupe yanayong'aa. Madini hayo yana historia ndefu ya kulinda afya. Herodoto, yule mwanahistoria wa Wagiriki, ameandika kwamba mfalme Koreshi wa Uajemi alipokwenda vitani alibebewa maji yaliyochemshwa ndani ya mitungi ya fedha. Katika miaka ya 1880 daktari Mjerumani Carl Credé alianza kuwatia watoto wachanga matone ya chumvi ya fedha machoni, na upofu uliotokana na kisonono cha mama ukapungua sana. Mpaka leo, mtu aliyeungua moto akienda hospitali anaweza kupakwa krimu nyeupe yenye fedha ndani yake ili kidonda kisioze. Haya yote ni kweli. Ila angalia vizuri: machoni kwa mtoto mchanga na kwenye kidonda cha moto, fedha inapambana na bakteria, na inapambana nje ya mwili, pale pale inapogusa.

Virusi ni kitu kingine. Bakteria ni kiumbe kamili chenye chakula chake na uzazi wake. Virusi havina nyumba. Vinaingia kwenye chembe hai ya mwili wako na kuigeuza iwe kiwanda chao. Ndiyo maana ni vigumu kuviua bila kumuumiza mwenye nyumba.

Sasa, wanasayansi wanaweza kuisaga fedha, au kuitengeneza kwa kemikali, iwe chembe ndogo kupita kiasi. Ndizo zinazoitwa chembe za nano. Kipimo chake kinaitwa nanomita, na unene wa unywele mmoja wa kichwa chako unafika nanomita 80,000 na zaidi. Kwa wafugaji niliseme hivi. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina umbo la risasi, urefu wake kama nanomita 180. Kikuze kiwe na urefu wa fahali, tuseme mita mbili. Basi chembe ya fedha ya nanomita moja itakuwa sawa na kupe aliyeshiba, na ile ya nanomita kumi itakuwa sawa na embe. Na unywele wako, kwa kipimo hicho hicho, utakuwa na unene unaokaribia kilomita moja.

Mwaka 2005 watafiti wa Texas na wa Monterrey, Mexico, walitoa taarifa iliyowasisimua wengi. Walichanganya chembe hizo za fedha na virusi vya UKIMWI katika maabara, wakatazama kwa darubini ya elektroni. Waliona kwamba zilizogandia kwenye kirusi ni zile za kati ya nanomita 1 na 10 tu. Makupe na maembe yaligandia, mafenesi hayakugandia. Na yale yaliyogandia hayakugandia ovyo ovyo. Yalikaa kwa mpangilio, na watafiti wakaona mpangilio huo unafanana na ule wa vile vifundo vya protini ambavyo kirusi hutumia kushika mlango wa chembe ya binadamu. Fedha inapenda salfa, na protini nyingi za virusi zina salfa ndani yake. Kifundo kikishashikwa, mlango haushikiki, na kirusi kinabaki nje.

Nasema wazi kwamba habari ile ni nzuri, na inanifurahisha kila ninapoisimulia. Tangu hapo maabara nyingi duniani zimejaribu fedha dhidi ya mafua, malengelenge na virusi vya korona, na katika vyombo vya kioo mara nyingi imeonyesha nguvu.

Lakini chombo cha kioo si mwili wa mtu. Kwenye kioo unamwaga fedha, nayo inakutana na kirusi uso kwa uso. Ukiinywa, inakutana kwanza na asidi ya tumbo, na ugali, na damu yenye protini maelfu ambazo nazo zina salfa. Inagandia huko. Ukiongeza kipimo ili ibaki ya kutosha, unaanza kuua chembe za mwili wenyewe. Mpaka leo hakuna dawa ya fedha ya kunywa iliyothibitishwa kuponya ugonjwa wowote wa virusi kwa binadamu. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba bidhaa hizo za maji ya fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa na uwezo wa kutibu. Korona ilipoingia 2020, wauzaji wale wale walirudi na chupa zile zile, na mamlaka ikalazimika kuwaonya tena.

Nyamongo mnanielewa upesi zaidi katika jambo hili, kwa sababu mnaijua zebaki. Mmeona mchimbaji anavyoikanda na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, na mmesikia wataalamu wakieleza inavyokaa mwilini. Fedha haina sumu kali kama ya zebaki, lakini nayo ni metali, na ikizidi mwili hauwezi kuitoa yote. Inajikusanya kwenye ngozi. Jua likiipiga, ngozi inageuka rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na hairudi tena. Kule Montana, Marekani, mwanasiasa mmoja, Stan Jones, aliyegombea useneti mwaka 2002, alikuwa akijitengenezea maji ya fedha nyumbani na kuyanywa, akaonekana mbele ya wapiga kura akiwa na rangi hiyo usoni.

Kuna sehemu moja ambapo fedha na kichaa cha mbwa vimekutana kisayansi, na nilipoisoma niliinuka kitini. Mwaka 2016 watafiti wa Iran walichapisha kazi yao juu ya chanjo ya wanyama. Walitengeneza chembe za nano za fedha kwa kutumia majani ya mkaratusi, jamii ya mti huo huo uliopandwa kuzunguka shule zetu na kuuzwa kwa ajili ya nguzo. Majani yana kemikali zinazoigeuza chumvi ya fedha kuwa chembe ndogondogo, bila kutumia sumu za kiwandani. Kisha wakazitia kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, si ili ziue kirusi, bali ziuamshe mwili uitikie chanjo kwa nguvu zaidi. Kwenye panya matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Huo ni mwanzo, na njia kutoka panya wa maabara hadi mbwa wa vijijini kwetu ni ndefu. Ila umeona tofauti? Pale fedha imepewa kazi ya msaidizi wa chanjo. Haikuuzwa mnadani ichukue nafasi ya chanjo.

Hata nchini kwetu elimu hii ya nano ipo. Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, akiwa mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga wa kawaida na vifaa vya nano, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Na kuna vyungu vya kuchujia maji vilivyobuniwa na Fernando Mazariegos wa Guatemala mwaka 1981: udongo unachanganywa na pumba au unga wa mbao, pumba zinaungua tanuruni na kuacha vijitundu, kisha chungu kinapakwa fedha. Vinazuia bakteria vizuri sana. Kwa mtu anayechota Mto Mara wakati wa masika, hiyo si zawadi ndogo. Lakini virusi vya kuharisha, kwa udogo wake, vinapenya, na fedha iliyopakwa haitoshi kuvizuia. Kwa kirusi cha rota, kinachowakausha watoto wachanga, tulichonacho ni chanjo ya matone iliyoanza kutolewa nchini 2013. Mama mwenye mtoto mchanga, usiikose chanjo hiyo kliniki.

Sasa nirudi kwenye mguu wa yule mtoto.

Niliomba kidumu cha maji kwa mama ntilie aliyekuwa jirani, na kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia. Tukamketisha mtoto juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mama yake akawa anamimina, mimi napaka sabuni na kusugua taratibu, povu linaingia kwenye yale matundu, maji yanalitoa, napaka tena. Mtoto akauma kola ya shati lake asilie. Dakika kumi na tano ni ndefu sana ukiwa umechuchumaa. Watu waliokuwa wakipita na mbuzi wao walisimama kutazama. Mama ntilie akaleta kidumu cha pili bila kuombwa.

Kwa nini sabuni? Kirusi cha kichaa cha mbwa kimevaa koti la mafuta. Sabuni inayeyusha mafuta, na koti likiyeyuka kirusi kimekwisha. Sabuni ya mche inafanya kwenye kidonda, kwa bei ya kipande, kile ambacho chupa ya 15,000 inaahidi bila kukitimiza. Na hata kama saa zimepita, bado unaosha. Lakini kuosha peke yake hakutoshi. Kirusi kilichosalia kinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kuanza safari ya polepole kuelekea ubongoni, mara nyingi miezi miwili au mitatu, wakati mwingine chini ya hapo au hadi mwaka. Ndani ya mshipa wa fahamu, maji ya fedha uliyokunywa hayana njia ya kukifuata. Sindano za chanjo zinauwahisha mwili ujiandae kabla hakijafika. Kikifika, mgonjwa akaanza kuogopa maji na koo kukaza, hakuna hospitali duniani yenye uhakika wa kumrudisha. Ndugu zangu, wengi wenu mnajua kifo kile kilivyo. Mmekisikia usiku kikitokea nyumba ya jirani.

Tukampandisha mama na mwanawe kwenye bodaboda kwenda hospitali. Ile chupa ilibaki kwa mwenyewe.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wa Serengeti mna jambo kubwa ambalo dunia imelisoma kutoka kwenu, na sidhani kama mmeambiwa vya kutosha.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka na kutetemeka. Karibu theluthi moja yao walikufa, wanakadiriwa kufika 1,000. Kilichowaua ni kirusi cha distempa, ugonjwa wa mbwa, na vidole vilielekezwa kwa mbwa wetu wa vijijini. Miaka miwili baadaye, 1996, chanjo ya kichaa cha mbwa ilianza kutolewa kwa wingi wilayani Serengeti, mbwa wakipangishwa foleni chini ya miti, wengine kwa kamba ya mkonge, wengine wamebebwa na watoto kifuani. Baada ya awamu ya kwanza kichaa cha mbwa kilishuka kwa asilimia 70. Baada ya pili, kwa asilimia 97. Hakuna uchawi pale. Ukichanja mbwa wapatao 70 katika kila 100, kirusi kinakosa wa kumrukia.

Kisha kukawa na kazi ya kuulizia. Kuanzia Januari 2002 hadi Desemba 2015, watafiti, wakiwemo Watanzania, walikwenda nyumba kwa nyumba wilayani humo: mbwa gani alimng'ata nani, alitoka wapi, akaelekea wapi. Waliorodhesha wanyama 3,612 walioambukizwa, mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, moja ya majarida makubwa kabisa ya sayansi duniani. Nyuma ya orodha ile wamo watu wa Serengeti waliokaa milangoni kwao, wakatoa kigoda, wakaeleza. Kumbukumbu zenu ndizo zilizoonyesha kwamba ugonjwa huu hauhitaji mbwa wengi ili uendelee. Unajificha katika wachache, unahama na mbwa anayekimbia mbali, unawaka upya pale chanjo ilipolegea.

Na mbwa wetu hawakai walipochanjwa. Wanazaa, wanahama na ng'ombe, wanakufa mapema. Huku kwetu mbwa ni mlinzi wa zizi dhidi ya fisi na dhidi ya wezi wa mifugo. Nyumba kukosa mbwa ni kama kukosa mlango. Timu ikija siku moja kwa mwaka na gari lenye barafu, mbwa waliozaliwa wiki iliyofuata wanasubiri mwaka mzima. Kinachohitajika ni chanjo kukaa karibu, kwenye kata, ili mwenye mbwa aipate mwezi wowote. Lakini chanjo inataka baridi, na jokofu linataka umeme.

Hapo ndipo chungu kinapoingia. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba chanjo moja ya mbwa, Nobivac, ikihifadhiwa kwa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30, bado inawakinga mbwa sawa na ile iliyokaa kwenye jokofu. Haihitaji barafu, inahitaji ubaridi wa kawaida tu. Dkt. Ahmed Lugelo na wenzake wakatafuta chombo cha kuupata ubaridi huo bila umeme, na mwaka 2020 wakaeleza juu ya kifaa walichokiita Zeepot. Siri yake bibi yako anaijua. Mtungi wa maji ya kunywa ukiukalisha kibarazani, maji yanapenya kwenye udongo, mtungi unatoka jasho, jasho linakauka na kuondoka na joto. Ndani maji yanakuwa baridi hata jua likiwa la utosi. Weka vichupa vya chanjo ndani ya ubaridi huo na una ghala la kata. Njia hiyo ya chanjo kukaa na jamii, ikitolewa mwaka mzima na watu wa hapo hapo, ilijaribiwa mkoani kwetu Mara.

Nalitazama jambo hili na moyo wangu unachangamka. Mikuo ya dhahabu inayomiminwa migodini huwa na fedha ndani yake. Mwaka 2017 nchi nzima ilijadili makinikia, yaani ule mchanga wenye madini, na tukajifunza kuhesabu dhahabu, shaba na fedha katika makontena. Madini yako chini ya miguu yetu, na pengine siku moja chembe zake, zikitengenezwa kwa majani ya mkaratusi wa hapa, zitaifanya chanjo iwe na nguvu zaidi. Ningependa kijana wa Tarime ndiye aifanye kazi hiyo, na akija kuieleza kwenye kipindi hiki nitampa saa nzima. Lakini ndoto hiyo isimnyang'anye mama elfu kumi na tano za leo, ambazo ni nauli ya bodaboda na sehemu ya gharama za sindano. Kuna familia zinazouza mbuzi kulipia sindano hizo. Ninaloomba kwa viongozi wa halmashauri zetu zote, kwa heshima, ni chanjo ya mbwa isiyokatika mwaka mzima, na sindano za binadamu zisizokosekana mtu anapofika amechoka na safari.

Na kwa kijana muuza chupa, kama unanisikiliza: nakusihi uache kumwuzia mtu aliyeng'atwa. Ukiuza sabuni ya mche kwenye meza ile ile, nitakuja kununua.

Wiki mbili baadaye nilimkuta yule mama stendi, na mwanawe. Kidonda kilikuwa kimefunga. Alifungua pindo la kanga lililokuwa limefungwa fundo, akatoa kikadi cha hospitali kilichokunjwa mara nne, akanionyesha tarehe zilizokwisha kuwekewa alama, kisha kidole chake kikasimama kwenye tarehe iliyobaki. Mtoto akaisoma kwa sauti, akiitamka silabi moja moja, kama anavyosoma ubaoni.